Ungamo la Mzee Gramu Katikati ya Uwanja

Baba yangu alitengeneza mizani kwa zaidi ya miaka arobaini, na sikumbuki mwenye duka hata mmoja aliyemshukuru kwa moyo mweupe. Mtu anayeletewa mizani iliyonyooshwa hasemi asante, maana ile iliyopinda ndiyo iliyokuwa inamnufaisha. Nayasema haya mapema ili mtu asije kuniuliza kwa nini siku ya mazishi wenye maduka walihesabika.

Kibanda chake kilitazamana na ghala la nafaka. Kilikuwa chumba kimoja chenye meza ndefu, dirisha moja, na rafu ya mawe ya mizani yaliyopangwa kuanzia lile la kilo ishirini hadi vile vidude vya miligramu ambavyo hushikwa kwa kibano, si kwa vidole, kwa sababu jasho la kidole lina uzito. Hilo la jasho alinifundisha nikiwa na miaka saba. Nilidhani ananitania, mpaka aliponiwekea kipande mezani, nikakigusa, na sindano ikasogea. Baba hakuwa mtu wa utani. Mama akisema ameongeza chumvi kidogo, yeye anauliza kidogo kiasi gani. Ukimwambia unakuja sasa hivi, anatazama saa. Mtaa mzima ulimwita Mzee Gramu, naye hakulikataa jina, ila alisema kwa kazi nyingine gramu ni kipimo kikubwa mno.

Kabla ya mizani alikuwa askari, tena wa mzinga. Vita vilipoanza mimi nilikuwa na miaka minne, yeye thelathini na mitatu. Alirudi na medali moja na masikio mabovu. La kulia lilikuwa limekufa kabisa. La kushoto lilisikia, lakini sharti upige kelele. Na kwa kuwa mwenyewe hakujisikia, alizungumza kana kwamba sisi sote tumesimama ng'ambo ya barabara kuu. Mama alizoea. Mambo ya nyumbani kwetu yalijulikana hadi kwa fundi viatu wa kona ya pili, na fundi viatu naye hakuwa bubu.

Huyu mzee alikuwa Mkatoliki wa kuzaliwa. Misa ya kwanza kila Jumapili, mvua, jua, homa, yupo, kwenye benchi la mwisho karibu na mlango. Alijua maitikio yote, na aliyatoa kwa sauti kubwa akiwa amechelewa nusu sekunde, hivi kwamba wageni walifikiri kanisa letu lina mwangwi. Lakini ikifika saa ya Komunyo hakunyanyuka. Alikaa palepale, mikono juu ya mapaja, akitazama mbele. Mama alikwenda, akarudi, akapiga magoti, baba bado amekaa. Miaka arobaini na sita.

Watu, bila shaka, walikuwa na maelezo yao. Kina mama wa kwaya walisema ana mke mwingine huko alikopigania vita. Wengine walisema alimtukana padre. Mama hakusema lolote kwa mtu, ila kila Kwaresima alimwambia baba twende ukaungame, na baba alijibu, "Bado sijawa tayari." Mwaka unaofuata hivyohivyo. Ungedhani mtu anayajibu maombi ya kazi.

Mama alifariki miaka mitatu kabla ya haya ninayoyasimulia. Siku mbili kabla hajatutoka, akiwa kitandani zahanati, alinishika kifundo cha mkono, na hakutaja nyumba wala wajukuu. Alisema, "Mpeleke baba yako akaungame. Mimi nimeshindwa." Nikamwambia nitampeleka. Niliitikia kama anavyoitikia mtu yeyote mbele ya mgonjwa wake. Kisha nikakaa miaka mitatu nikijitia hamnazo, kwa sababu kumuuliza baba jambo la siri maana yake ni kulitangaza.

Halafu daktari akaniita. Akasema moyo wa mzee umechoka, dawa zitausaidia lakini hazitaurudisha ulivyokuwa, na tunazungumzia miezi mitatu, labda sita. Nilipotoka, baba alikuwa amekaa kwenye korido pamoja na wagonjwa wengine, akaniuliza daktari amesemaje. Nilijaribu kumwambia tutazungumza nyumbani. Akasema ni moyo wake, si wangu. Basi nikainama kwenye sikio la kushoto nikamwambia, na korido nzima ikageuka.

"Mitatu au sita?" akauliza. "Moja ni mara mbili ya nyingine."

Nikamwambia daktari hajui. Akatikisa kichwa kumsikitikia daktari.

Wiki ileile akaja katekista. Huyu alikuwa mtu mzima mwenye daftari, amehudumu parokiani tangu nikiwa msichana, na adabu yake ilikuwa ya kuudhi. Alikunywa chai, akaulizia afya ya mzee, kisha akasema lililomleta. Mtu aliyejitenga na sakramenti kwa hiari yake miaka yote hii, Misa ya mazishi ingekuwa na maswali. Padre angemuuliza yeye, na yeye asingedanganya. Nikamwambia baba yangu amekaa kanisani saa nyingi kuliko yeye. Akajibu taratibu kwamba kukaa hakuhesabiwi. Nilimsindikiza hadi mlangoni kwa heshima zote, na nikaufunga mlango kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Lakini alikuwa amesema kweli, na hilo ndilo lililoniuma. Baba alikuwa anakufa, mimi nilikuwa nimeahidi, na sikujua hata kikwazo ni nini.

Siku iliyofuata nilitoka kazini mapema. Mimi ni karani wa shule ya parokia, na mwalimu mkuu akiniona usoni siku kama hizo haniulizi naenda wapi. Nilimkuta baba kibandani akirekebisha mizani ya zahanati, ile ya kupimia watoto wachanga. Daktari alimkataza kazi, naye alikubali kuacha mizani zote isipokuwa hiyo, kwa sababu mtoto mchanga akikosewa gramu mia mbili anapewa dawa isiyo saizi yake. Nilifunga mlango, nikafunga dirisha, nikaja upande wa kushoto.

"Baba, kwa nini huungami?"

Akaanza kusema bado hajawa tayari. Nikamkatiza, jambo ambalo sikuwahi kulifanya, nikamwambia maneno ya mama ya mwisho, yote, kama alivyoyasema, pamoja na lile la kushindwa. Baba aliweka kibano mezani. Kisha akaanza kusimulia, na kwa mara ya kwanza maishani nilimsikia akijitahidi kupunguza sauti.

Alisema asubuhi ya kuvuka mpaka, padre wa jeshi aliwasimamisha Wakatoliki wote wa kikosi na kuwaondolea dhambi kwa pamoja, kwa sababu hapakuwa na nafasi ya kumsikiliza mmoja mmoja. Akawaambia, atakayerudi salama akaungame mwenyewe, dhambi za mauti zote, aina na idadi, kama mlivyofundishwa. Baba alilishika hilo neno kwa neno. Wiki ya mwisho ya vita waliamriwa kupiga mahali ambapo watu huvuka mto kwa miguu. Walikuwa nyuma ya kilima, kilomita saba. Mtu wa mzinga haoni anachopiga. Anapewa namba, anapiga, anapewa namba nyingine. Waliambiwa ni askari wanaokimbia. Kesho yake walipita palepale wakisonga mbele.

"Nilianza kuwahesabu," alisema. "Nilifika thelathini na moja. Kisha tukaamriwa tupande magari."

Nikamwambia vita ni vita, amri ni amri, maneno ambayo watu husema.

"Kulikuwa na masufuria," baba akasema. "Mengi. Askari hawabebi masufuria mengi hivyo."

Alichukua kibano akakiweka tena palepale.

Akaendelea kwamba baada ya vita alikwenda mara tatu hadi kwenye kiti cha maungamo, na mara tatu aligeuka mlangoni. Aina ya dhambi alikuwa nayo. Idadi hakuwa nayo. Angesema thelathini na moja, angekuwa amemdanganya Mungu huku amepiga magoti, kwa sababu alijua wapo ambao hakuwafikia. Kwa hiyo akaamua aitafute idadi kwanza. Alimwandikia kamanda wake wa zamani. Kamanda akamjibu aulize makao makuu. Makao makuu wakachukua miaka miwili, kisha wakamletea barua ya kumpongeza, wakimjulisha kwamba kwa mujibu wa kumbukumbu, mzinga wao ulipiga mabomu mia nne na kumi na mawili, matokeo mazuri. Barua yenyewe alikuwa nayo kwenye droo, akanionyesha.

"Nikaungame matokeo mazuri?" akaniuliza, na hakuwa anafanya mzaha.

Nataka niseme wazi kilichonipata, maana watu hupenda kusikia kwamba nililia nikamkumbatia. Nilikasirika. Mama yangu alitembea peke yake kwenda altareni miaka arobaini na mitatu, akavumilia minong'ono ya mke mwingine asiyekuwepo, akafa akijiona ameshindwa, kisa namba! Nikampigia baba kelele ambazo nina hakika ghala la nafaka lilizisikia. Nikamwambia angesema tu zaidi ya thelathini na moja.

Baba alinitazama kama alivyomtazama mwenye duka anayesema "kama kilo hivi".

"Zaidi ni ngapi?" akasema.

Nilikaa kwenye kile kiti cha wateja, na hapo ndipo nililia, kwa hasira kwanza, kisha kwa huruma. Huyu mzee hakuwa amemkimbia Mungu hata siku moja. Alikuwa kwenye foleni miaka yote hiyo, anasubiri karatasi zake zikamilike.

Nilimwomba ruhusa nimuulize padre. Akakubali, kwa sharti kwamba nisitaje jina. Padre wetu alikuwa kijana, umri wa kitinda mimba wangu ukiongeza miaka michache, amekuja mwaka uleule, na alikuwa na tabia ya kusikiliza huku ameinamisha kichwa. Nikamwambia, Padre, kuna mtu mmoja hivi, alikuwa vitani, anataka kuungama lakini hana idadi.

"Mzee Gramu?" akauliza.

Nikasema sijataja jina. Akasema ni kweli, hujataja. Kisha akanieleza kwamba mtu huungama anachokumbuka baada ya kujichunguza kwa dhati, na asichokijua anasema hakijui, basi. "Mwambie 'sijui' ni jibu kamili," akasema. "Hayo mengine Mungu alikuwepo, aliona mwenyewe."

Nikapeleka jibu. Baba akataka liwe kwa maandishi, lenye mhuri wa parokia. Nilirudi kwa padre nikiwa nimejaa aibu, na ninampenda padre yule hadi leo kwa sababu hakucheka. Alichukua karatasi yenye jina la parokia, akaandika sentensi tatu, akasaini, akapiga mhuri. Baba aliisoma mara mbili. Akaipeleka dirishani akaitazama kwenye mwanga.

"Mhuri umekaa upande," akasema. Kisha akaikunja, akaitia mfuko wa shati. "Jumamosi."

Ikabaki shughuli pevu, nayo ilikuwa sauti. Maungamo ni siri, na siri ya baba yangu kwenye kile kisanduku cha mbao ingefika sokoni kabla yeye hajafika kwenye Amina. Sakristia, chumba anachovalia padre, ilipakana na jiko la masista. Nyumbani kwetu nimeshasema. Padre alipendekeza aandike, lakini baba alisema mkono wake unatetemeka, na tena yaliyoandikwa hubaki. Tulikaa watatu ofisini kwangu shuleni, tukitazama nje dirishani, na kilichokuwa nje ya dirisha ni uwanja wa mpira.

Baba ndiye aliyepiga hesabu. Uwanja ni mita mia kwa sitini. Maneno yake, kwa makadirio, yalieleweka hadi mita arobaini. Wakikaa katikati, pande za magoli ziko salama, lakini pande za kushoto na kulia ni mita thelathini tu, kwa hiyo watu wasogezwe mita kumi na tano nje ya mstari. Padre akauliza kwa nini si kumi. Baba akasema upepo.

Jumamosi saa nne asubuhi nilitoa viti viwili kwenye chumba cha walimu nikaviweka katikati kabisa, pale mpira unapoanzia. Wanafunzi hawakuwepo. Kwaya yote ilikuwepo, eti mazoezi, ingawa mazoezi yao ni Alhamisi. Katekista alikuwepo na mwavuli wake. Nilipita pande zote mbili nikiwasogeza kama mtu anayefukuza kuku, na mama mmoja wa sauti ya pili aliponiambia hapa hatusikii kitu, nikamwambia ndiyo maana sogea. Mimi mwenyewe nilisimama nyuma ya goli.

Baba alikuja kwa miguu, na alikataa kushikwa. Alivaa koti lake la kanisani. Padre alivaa stola ya zambarau juu ya kanzu, akakaa upande wa sikio la kushoto, akiwa amemwinamia hadi vichwa vyao karibu vigusane. Ukiwaangalia kwa mbali ungesema ni waamuzi wawili waliokuja siku isiyo ya mechi.

Ilichukua saa moja na dakika kumi. Sauti ya baba nilikuwa naisikia, ikipanda na kushuka, lakini maneno hayakunifikia. Mita zake zilikuwa sawa. Mkono wake ulitaja vitu, ulinyooka mbele, ukahesabu hewani, ukasimama. Padre aliuliza kitu. Baba alikaa kimya. Padre akauliza tena, nadhani kwa sauti kubwa zaidi, maana baba aliinua kichwa, na jibu lake likavuka mita zote, likatufikia sisi sote.

"Sijui, Padre."

Kisha akarudia, kwa nguvu zaidi, kama amri. "Sijui!"

Mabega yake yalianza kutikisika. Sikuwahi kumwona baba akilia, hata kwenye jeneza la mama. Niligeuka nikatazama barabara, kwa sababu kile hakikuwa changu. Nilipogeuka nilimwona katekista. Alikuwa amefunga mwavuli na kuvua kofia, na kina mama wa kwaya walikuwa wanarudi mmoja mmoja kuelekea langoni bila kufukuzwa na mtu.

Padre alimwekea mkono kichwani. Baadaye akamsaidia kusimama, na safari hii baba alikubali. Alinifikia nyuma ya goli akiwa amekunja uso.

"Kitubio ni Salamu Maria tatu tu," aliniambia. "Nimemwomba aangalie tena. Amekataa."

Nikasema, Baba, si vizuri, basi?

"Amekosea," akasema. "Lakini yeye ndiye mwenye mhuri."

Alizisali palepale, zote tatu, ameshika mlingoti wa goli.

Aliishi wiki kumi na moja baada ya hapo. Alizikwa kwa Misa kamili, na katekista ndiye aliyesoma somo la kwanza, akalisoma vizuri, nikamsamehe yaliyopita. Lakini ninayotaka kumalizia nayo ni ya Jumapili iliyofuata ile Jumamosi.

Alikaa benchi lake la mwisho, nami nikakaa naye. Ilipofika Komunyo alinyanyuka. Watu waliokuwa mbele yetu walianza kumpisha apite, akawakatalia kwa mkono, akapanga foleni kama kila mtu, hatua kwa hatua, mimi nyuma yake nikiogopa moyo wake na wangu. Padre akasema Mwili wa Kristo. Baba akasema Amina, na kwa mara ya kwanza hakuchelewa.

Tukarudi kwenye benchi. Alipiga magoti kwa shida, akakaa hivyo kidogo, kisha akaketi. Kanisa zima lilikuwa katika kile kimya cha baada ya Komunyo, kinanda kimenyamaza, hata watoto wametulia. Baba akaniinamia, akaniambia kwa kile alichodhani ni mnong'ono.

"Mama yako alikuwa anakwenda pale peke yake. Kila Jumapili. Mimi nilikuwa nasogeza magoti ili apite."

Kila mtu alisikia, hadi altareni. Hakuna aliyegeuka. Kumjibu ningelazimika kupiga kelele, kwa hiyo nilimshika mkono tu. Padre alibaki amekaa muda mrefu kuliko kawaida, kisha akasimama, akasema tuombe, nasi tukasimama.